Jinsi ya Kumpokonya Jirani Shamba kwa Maua

Mashamba ya Nyanchwa yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mtu akinyoosha fimbo anagusa migomba ya jirani. Usihangaike na mawakili. Panda maua.

Kwanza, pata lantana. Usinunue. Giza likiingia, vunja tawi kwenye ua wa mwalimu mstaafu, ulichomeke mpakani. Likichanua, kila kishada kitakuwa na njano katikati na waridi pembeni, na wageni wa Desemba watapiga picha. Waambie ni ua la ng'ambo. Hujadanganya: asili yake ni Amerika ya kitropiki.

Pili, kalale. Ndege watakula vitunda vile vyeusi na kunya mbegu kwenye majani chai ya jirani. Akifyeka, shina litachipua upya. Ng'ombe wake akiila, ini litaharibika na ngozi itababuka juani. Uwe wa kwanza kufika kutoa pole, kofia mkononi.

Tatu, jirani akianza kunung'unika, hamia kwenye tithonia, ile alizeti mwitu iliyotoka Mexico. Hii ina utetezi wa kisomi: watafiti wa Maseno walikwisha kuonyesha kwamba majani yake ni mbolea nzuri ya mahindi. Mkabidhi hoja hiyo kwa sauti ya upole. Kwamba inafaa kukatwa kabla ya kukomaza mbegu, hilo lipitie mbali.

Mwenye tamaa zaidi achimbe kidimbwi, atie gugu maji. Ua lake la zambarau ni zuri kupita kiasi. Ndiyo maana watu walilitoa Amerika Kusini kama pambo. Waulize wavuvi wa Homa Bay. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam, mashua zimekwama ufuoni. Mwaka 1997 Kenya iliachilia wadudu wa kulitafuna. Likapungua, kisha likarudi. Kidimbwi chako kikifurika masika karibu na mto Gucha, maji hayaendi kwingine ila Ziwa Victoria. Hapo utakuwa umeteka hata ziwa.

Lo, nusura nisahau: ndege hawasomi hatimiliki. Lantana ikivuka kurudi kwako, panga halitoshi. Chukua jembe, ing'oe na mizizi kabla haijazaa, na umwombe jirani aje akusaidie.