Maombi ya Leseni ya Kuwa Mwenye Mzigo

Kwa Wakuu wa Forodha,
Jumuiya ya Afrika Mashariki.

YAH: MAOMBI YA LESENI YA MWENYE MZIGO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia mwema, nina TIN, na nina gari dogo la mtumba lililoshuka bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani. Nasema "nina" kwa mazoea tu. Tangu meli itie nanga, gari hilo lina wenyewe wengi na mimi simo.

Mmejaliwa hekima. Mlijua raia akiachiwa mzigo wake atajiumiza, mkaagiza ateue wakala wa forodha mwenye leseni, tena angalau siku 7 kabla meli haijafika. Nikamteua. Nikamkabidhi hati ya shehena, ankara ya muuzaji na cheti cha ukaguzi, yaani kila karatasi inayosema gari ni langu. Toka hapo habari za gari na za kadhia, yaani tamko la forodha, nazipata kwake. "Bosi, kadhia imeingia." "Bosi, mfumo uko chini." "Bosi, aliyeshika faili yuko semina." "Bosi, vijana hapa wanaomba maji." Simlaumu sana; bila yeye ningekuwa bado naulizia geti. Ila hayo maji nimeyatafuta kwenye jedwali lenu la ushuru, sikuyaona.

Kilichonipa moyo wa kuandika ni sheria yenyewe, ile ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Kifungu cha 147 kinasema wakala anayeshughulikia mzigo atahesabiwa kuwa ndiye mwenye mzigo, na kodi atadaiwa yeye. Nikashusha pumzi. Kumbe kifungu hakijaisha: hilo halimwondolei mwenye mzigo wajibu wake. Cha 148 kikanimalizia kabisa: matendo na matamko ya wakala ni juu yangu, na kosa akilitenda yeye naweza kushtakiwa mimi. Ila kwa huruma yenu, jela siendi kwa kosa lake mpaka iwe niliridhia. Kwa hiyo kwenye kudaiwa, wenye mzigo tuko wawili. Kwenye kuruhusiwa kuusogelea, yuko mmoja, naye si mimi.

Hesabu zenu nimezisoma pia. Gari likithaminiwa milioni 10, nauli ya meli na bima zikiwamo, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Kisha ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1000 lakini haivuki 2000. Asilimia 5 ya milioni 10? Thubutu! Ya 12.5, maana ushuru nao umeshakuwa sehemu ya gari. Juu ya lundo lote hilo inapanda VAT ya asilimia 18. Na gari likiwa limevuka miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu, ambao nalipa mimi niliyelikuta limeshachakaa.

Hayo yote yana risiti, sina neno. Neno ninalo kwenye ankara ya wakala, mstari wa chini kabisa, palipoandikwa "mengineyo". Mengineyo yameizidi ada yake ya uwakala. Nilipoomba risiti yake, alinitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mama mkwe wake.

Ndiyo maana naomba leseni. Wakala anayo, na huihuisha kila mwaka kabla ya tarehe 31 Desemba. Mwenye bandari kavu linakosubiri gari anayo. Katika msafara mzima, asiye na leseni ni huyu anayelipa. Niko tayari kufanya mtihani, kuweka dhamana, hata kuvaa kizibao cha kung'aa. Sidai makubwa: nione kadhia yangu iko mezani kwa nani na imekaa tangu lini, na kijana mwenye kiu aombe maji mbele yangu, nimnunulie chupa, baridi, anywe palepale.

Picha mbili za pasipoti nimeambatisha. Majibu mpeni wakala. Nikija kuyafuata mwenyewe, mlinzi ataniuliza nahusikaje na huo mzigo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlipaji