Mimi ni Ua, Si Dhamana

Mwezi uliopita nilikwenda kuomba mkopo wa bati. Kampuni siitaji, maana fomu yangu bado wanayo. Kijana wa mezani, tai imemkaba, akaniuliza jina.

"Rehani."

Akatabasamu. "Hiyo tutaifikia, mzee wangu. Kwanza jina."

"Ndilo hilo."

"Jina la nini?"

"Langu."

Akaandika shingo upande. Tulipofika mstari wa rehani ya mkopo nikamtajia kiwanja changu cha Pongwe, nikatia sahihi, nikaaga. Siku ya tatu akanipigia. Makao makuu wamerudisha fomu, wamesema mwombaji amejiweka rehani mwenyewe, na kampuni haikopeshi kwa dhamana ya binadamu.

Nina miaka 58 na nimechoka. Shuleni waliniita Bondi. Mshenga wangu alipolitaja jina langu ukweni, marehemu baba mkwe aliuliza nimewekwa na nani na nitakombolewa lini. Ukumbini walicheka, mimi nilikuwa nje natoka jasho kwenye kanzu ya kuazima.

Basi nieleze mara moja, nisiulizwe tena. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtunga vikuba. Alasiri alichuma asumini zingali vitumba, kwani ukingoja zifunguke umeshachelewa. Zenyewe hufunguka usiku, ziko kichwani kwa mwenye nywele zake. Alikaa kwenye mkeka, sindano mdomoni, anatoboa kitumba kimoja kimoja, anachanganya ukadi na waridi kidogo, halafu anapachika kijitawi cha mrehani na maua yake, anakaza uzi kwa meno. Dada yangu mkubwa alipozaliwa, bibi alikuwa kwenye asumini. Akaitwa Yasmini, ambalo ni neno lile lile kabla Waswahili hatujalifupisha, lilianzia kwa Waajemi likapitia Uarabuni. Wa pili akaitwa Waridi. Wa tatu nikatoka mimi, mwanamume, na bibi hakuona sababu ya kuacha kazi yake kwa jambo dogo kama hilo. Mkononi alikuwa na mrehani.

Dada zangu hakuna anayewauliza kitu. Yasmini akitaja jina, watu wanavuta pumzi kama wamesikia harufu. Mimi nikitaja langu, watu wanashika mifuko.

Na kosa si la bibi, ni la herufi H. Kiarabu kinazo zaidi ya moja. Rehani ya kunukia asili yake ni raihani, na mzizi wake ndio uliotuletea riha na roho; H yake hutoka kooni, kama mtu anayepulizia miwani aifute. Rehani ya mkopeshaji ni ya mzizi mwingine kabisa, na H yake ni nyepesi, ya kuhema tu. Mswahili alizipokea zote mbili bandarini, akazitia kapu moja. Kwa hiyo mimi na deni hatuna udugu, tumekutana mdomoni mwenu tu. Kwenye Kurani raihani imo mara mbili, katika Ar-Rahman na Al-Waqia, na hii ya pili inaitaja pamoja na pepo. Ile rehani nyingine iko Al-Baqara, mara tu baada ya aya ndefu ya madeni. Nilimweleza yote haya kijana wa tai. Akaniuliza kama ninayo barua ya serikali ya mtaa.

Wapo pia wanaosema jina la ua ni la kike. Hao nawapelekea Abu Raihani al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, bingwa aliyepima ukubwa wa dunia kwa kusimama mlimani na kuangalia upeo wa macho umeinama kiasi gani. Hajapata kuambiwa alete wadhamini wawili.

Mke wangu hizi hoja kazisikia miaka 30. "Kivumbasi nacho si ni cha ukoo wenu huo huo?" aliniambia juzi huku anapepeta mchele. "Shukuru bibi yako siku hiyo hakuwa anafukuza mbu."

Ningenyamaza, kama si ujumbe wa mwanangu kutoka Dar. Mkewe alikuwa amebakiza wiki chache, na wamepata jina la mtoto: "La ua, baba, kama ya kwenu. Dahlia." Nilifurahi dakika kumi hivi, mpaka nilipouliza. Ua lenyewe kwao ni Mexico, na jina si la ua hata kidogo, ni la Anders Dahl, mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Nikafukua na mengine. Begonia ni Mfaransa mmoja, Michel Bégon. Magnolia naye ni Mfaransa, Pierre Magnol. Yaani unadhani umempa mtoto jina la ua, kumbe umempa la mzee wa Kizungu aliyevaa nywele za bandia.

Tena tusiende mbali. Hapo juu Usambara, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, kuna ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalipanda kwenye vyungu vya madirishani kwao. Mwaka 1893 lilipewa jina la Saintpaulia, kumuenzi Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, aliyepeleka mbegu kwao. Ua limekaa mlimani tangu enzi na enzi, bwana mkubwa kapita njia, na limebaki linaitwa kwa jina lake. Huko sasa ndiko kuwekwa rehani.

Mara moja tu naona wametutendea haki. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa bustani ya Kew kule Uingereza, aliandika habari za mti wa misitu ya pwani yetu na ya Kenya, ule wenye ua ambalo akina mama hulivaa kwa ajili ya harufu yake. Hakuutafutia Mswidi. Aliuita Mkilua, kama ulivyoitwa na wenyewe, na mpaka leo kwenye vitabu vyao vya sayansi umeandikwa Mkilua fragrans, kwa M ya kwetu kabisa. Nikampigia mwanangu usiku ule ule. Mtoto aitwe Kilua!

Nikasikia mkwe wangu anachekea mbali na simu. "Baba, shikamoo. Kilua ni mvulana wa katuni ya Kijapani. Ana nywele nyeupe."

Nimesafiri mpaka Kew kutafuta jina la Kiswahili, nakuta Mjapani kashatandika mkeka.

Mtoto kazaliwa Jumanne, salama, wa kike. Jioni mwanangu akapiga, sauti imelainika. Wamekaa, wamefikiri, wameona wampe jina la babu yake kwa kike: Raihana. Nilishindwa kujibu; mke wangu akaniuliza kuna msiba gani. Nilipopata sauti nikamuuliza mwanangu wamelitamkaje kwa karani, ile H wameitoa kooni?

Akakohoa. "Baba, karani alikuwa na haraka. Kaandika alivyosikia."

"Kasikiaje?"

"Rehema," akasema. "Lakini si inakaribiana?"