Klachi Haikuisha, Mjomba

Leicester, Jumapili jioni

Mjomba, shikamoo. Mkaza mjomba naye mfikishie shikamoo yake, na vijana wote hapo gereji, hata yule anayekupotezea spana namba 14. Huku sisi wazima, baridi imeanza, na gari limetoka kwa fundi jana. Najua ule ujumbe wangu wa sauti ulifika nusu, mkabaki barazani mnasema nimetapeliwa. Sikutapeliwa. Nilijiponza mwenyewe, tena kwa Kiswahili cha gereji yako. Tulia nikueleze.

Lile gari la dizeli nililokutumia picha, la miaka tisa na maili 78,000, nililinunua pauni 3,200 kwenye yadi moja nje kidogo ya mji. Muuzaji, kijana wa shati jeupe na viatu vyenye ncha, akanikabidhi ufunguo pamoja na kijitabu cha waranti ya miezi mitatu. Jalada la rangi ya dhahabu, kurasa 24. Nilikipokea kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa, nikakitia kwenye dashibodi bila kukisoma. Niliamini gari lenye kitabu haliharibiki.

Siku ya 47, utaona baadaye kwa nini nilizihesabu, natoka kazini asubuhi, zamu ya usiku kule kwenye maghala ya Magna Park, karibu na Lutterworth. Nimeingia mzunguko, nimeweka gia ya tatu, nakanyaga mafuta. Injini inaunguruma kama lile lori lako la Bedford likitoka Mombo kupanda Lushoto, gari lenyewe linakwenda mwendo wa bi harusi. Halafu ikaja ile harufu. Mjomba, harufu ile haina nchi. Nilirudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimebanwa katikati yako na utingo, unanambia, "Ukinusa hivi, ujue kuna mtu kaegemeza mguu." Nikautazama mguu wangu wa kushoto. Ulikuwa sakafuni, naapa.

Nikasogea pembeni, nikalifanyia gari mtihani wako: hendibreki juu, gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ilipaswa kuzimika. Haikuzimika, ikaendelea kunguruma tu kama haijaambiwa kitu.

Basi nikawapigia watu wa waranti. Dakika 35 za kinanda, kisha akapokea dada mwenye sauti ya asali. Tatizo nini? Nami, kwa Kiingereza safi, nikamtafsiria neno kwa neno tunalolisema pale chini ya mwembe: klachi imeisha. Nikasikia anachapa. Akanishukuru sana kwa kupiga simu, akanitakia siku njema, na dai langu limekataliwa.

Hapa, Mjomba, kuisha na kuharibika ni watu wawili wasiosalimiana. Waranti inalipa kilichoharibika ghafla. Kilichoisha, maana yake kilichochakaa kwa kutumika, ni mzigo wako. Na sisi kwetu kila kitu huisha: betri imeisha, breki zimeisha, tairi zimeisha, shokapu zimeisha. Mtu wa Tanga akiwapigia hawa anajifunga kamba kabla hajamaliza salamu.

Usiku ule ndipo nilipokisoma kile kitabu. Ukurasa wa 11 unasema klachi imo, isipokuwa sehemu zinazochakaa kwa msuguano. Sasa nambie wewe, fundi wa miaka yote hiyo: toa kwenye klachi vinavyosuguana, kimebaki nini? Ni kadi ya harusi inayosema karibu sana, ila pilau si yako na kiti usikalie. Halafu kuna hili: fundi asifungue kitu bila kibali chao, kibali hakitoki mpaka chanzo kijulikane, chanzo kiko nyuma ya giaboksi, na giaboksi haijishushi. Ikishushwa ikaonekana klachi imechakaa, ufundi wote nalipa mimi. Na fundi niliyempata hutoza pauni 60 kwa saa, kazi yenyewe saa tano. Wewe uliishusha ya Bedford kwa mnyororo, tawi la mwembe na vijana wanne, malipo wali maharage.

Fundi huyo nilipelekwa kwake na Mkenya ninayefanya naye kazi. Gereji yake iko mtaa wa nyuma ya Belgrave Road, kule kwenye maduka ya sari na dhahabu. Mzee wa Kihindi, kofia ya sufu, miwani imefungwa uzi. Ninamweleza kwa Kiingereza changu cha kuvaa tai, akaniangalia kidogo, akasema: "Wewe natoka wapi? Tanga? Basi sema vizuri!"

Mjomba, nilikaribia kumkumbatia na grisi zake. Yeye ni wa Jinja. Aliondoka mwaka 1972 akiwa na miaka 16, Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Baraza la jiji la Leicester lililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Mzee anasema kwao hakuna aliyekuwa anajua Leicester iko wapi mpaka lilipotoka lile tangazo. Kiswahili chake kimesimama mwaka huohuo. Hakijazeeka wala hakijakua, kimekaa tu kama gari lililofunikwa turubai.

"Kwa simu wewe nasema nini?" akauliza. Nikamwambia. Akajipiga kipaji cha uso kwa kitambaa cha oili. "Hapana sema imeisha! Wewe iko daktari? Sema gari hapana vuta. Basi. Nyamaza."

Nikapiga tena, nikasema gari halivuti na sababu siijui, nikanyamaza. Ukimya ule ulifanya kazi kuliko maneno yote niliyosomea. Wakatoa kibali cha kushusha, wakaahidi kumtuma mkaguzi.

Mkaguzi alikuja siku ya tatu, kijana mpole mwenye simu ya kupigia picha na rula. Mzee akamngoja afike ndipo akaitoa pleti ya klachi, akailaza juu ya gazeti la Kigujarati kwenye benchi. Ningetaka uwepo. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka bitana, polepole, kama anayetafuta ncha ya selotepu. Bitana nene. Vichwa vya ribiti viko chini kabisa, havijaguswa. Lakini pleti yote ilikuwa imelowa, inang'aa kama andazi lililotoka kwenye karai. Akanusa kidole, akaninusisha. Si oili ya injini. Ni mafuta ya breki.

Unajua Bedford yako silinda ya chini ya klachi iko nje, unaiona, unaifuta na tambara. Haya magari ya siku hizi wameivalisha kwenye shafti kama pete, ndani ya kasha la giaboksi, pamoja na beringi yake. Sili ikianza kuvuja, mafuta hayadondoki chini ukayaona, yanairukia pleti. Wiki nzima kabla ya siku ile pedali ilikuwa inazidi kuwa laini. Mimi nikadhani mguu wangu umelizoea gari.

"Hii hapana kufa mzee," akatamka yule baba, kidole juu ya pleti. "Hii nakufa maji."

Mkaguzi akaniomba tafsiri. Safari hii nilifikiri kwanza. Nikamwambia klachi haikuisha, imezama. Akacheka, akapiga picha nane, akaandika neno refu zaidi.

Jibu likaja baada ya siku mbili. Silinda wanalipa, ipo ukurasa wa 9. Ufundi wanalipa saa zote tano, ila kwa bei yao ya pauni 45. Pleti na presha yake, hapana, hayo wanayaita madhara yaliyofuata. Paa limevuja, wanakupa bati, godoro lililolowa shauri lako. Nikapiga hesabu: vifaa vya klachi pauni 240, tofauti ya ufundi 75, mafuta mapya 15. Jumla 330, na giaboksi ya gari langu iko sakafuni Belgrave.

Mama mmoja wa chama cha wafanyakazi pale ghalani ndiye aliyenizindua. Waranti, kasema, ni mchuzi, wali uko kwa muuzaji. Kuna Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, inayomtaka anayefanya biashara ya magari auze kitu chenye ubora wa kuridhisha, hata kama ni mtumba. Siku 30 za mwanzo ningeweza kumrudishia gari lake na kuchukua hela zangu, na mimi zilikuwa zimenipita. Lakini ubovu ukijitokeza ndani ya miezi sita, sheria inachukulia ulikuwepo tangu siku niliyokabidhiwa, mpaka yeye athibitishe vingine. Kuna mtego wake: umri, maili na bei vyote vinaangaliwa. Pleti ingekuwa imechakaa kweli, kwa gari la maili zile, nisingekuwa na la kusema. Kumbe neno lilelile lililonimaliza kwenye simu ndilo lingenimaliza na huku.

Nikaenda yadi na picha za mkaguzi, kabla giaboksi haijarudi mahali pake. Kijana wa viatu vyenye ncha akasema nenda kwa waranti. Nikasema ndiko nitokako. Akasema gari ni la mtumba. Nikasema sheria inalijua hilo. Akatoa cheti cha MOT, gari lilipita ukaguzi, tazama. Hapo nilikuwa nimejiandaa, Mjomba: MOT haigusi hali ya injini, klachi wala giaboksi, serikali yenyewe imeandika. Akakaa kimya. Kisha akasema pauni 200.

Wanasema Waingereza hawapatani bei. Tulipatana bei saa nzima, akasimama, nikasimama, akaingia ofisini, nikaelekea mlangoni, akaniita. Kama tuko Ngamiani kwetu Tanga. Tukamalizia 300, na mkono wa kheri.

Zile 30 nilizilipa mimi. Mzee wa Jinja hakunitoza ada ya kunichekea.

Pleti ya zamani nimeiomba. Nimeiosha kwa petroli, nimeifunga kwenye lile gazeti lake, binamu anakuja nayo Desemba. Springi zake zipime kwa mkono wako, bado ngumu, bitana utaribiti mwenyewe. Najua vijana watauliza inaingia gari gani. Tangu lini gereji yako ikaanza na gari? Spea kwanza, gari litatafutwa.

Ila nisaidie kitu kimoja. Mkaza mjomba aliniagiza pleti za maua za Kiingereza, na binamu mdomo haumkai, ameshamwambia kwamba pleti inakuja. Kabla hajaalika watu, mweleze.

Mpwa wako