Sifa za Ablativu

Wenye kusifia mabibi harusi na pilau waendelee. Mimi leo namtukuza ablativu, yule wa maumbo ya nomino katika sarufi ya Kilatini, aliyeninyima usingizi nikiwa kidato cha kwanza katika seminari ambayo sitaitaja. Angalau jina lake halidanganyi: limetokana na kitenzi cha kuondoa, naye aliniondolea Jumamosi zote.

Ni mtu wa ukoo. Zamani, kabla ya Warumi, walikuwa ndugu watatu: mmoja wa "kutoka", mmoja wa "kwa", mmoja wa "ndani ya". Wawili walipofifia, ablativu akarithi kazi zao, madeni yao na watoto wao. (Yule wa mahali hakufa kabisa, domi, yaani nyumbani, bado ni lake.) Anayeshangaa umbo moja kubeba mizigo mitatu aiulize -ni yetu: niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani.

Tena hana makuu. Puella ni msichana, na puella ni ablativu wake. Wametofautiana kwa urefu wa irabu ya mwisho tu, ambao Warumi kwa kawaida hawakujisumbua kuuandika. Kwenye wingi, puellis ni dativu, yule wa kumpa mtu, na ni ablativu vilevile. Mpaji na mnyang'anyi wamevaa kanzu moja, nawe uliyeanza juzi utambue nani kaja kukupa na nani kaja kukuibia.

Lakini sifa yake kuu niliijua kwenye daftari la mazoezi. Tuliambiwa tuandike: askari anapigana kwa upanga. Pugnat gladio, basi, yatosha. Mimi kwa ukarimu nikaongeza cum, "pamoja na". Padri akapiga duara jekundu.

"Mwanangu, huyu askari wako anapigana na upanga wake. Unadhani nani atashinda?"

Nikanuna siku nzima, mpaka nilipoisoma sentensi yangu kwa Kiswahili nikaona kosa ni lilelile: "kwa upanga" ni vita, "na upanga" ni wazimu.

Likizo nikamsimulia bibi. Hakuwahi kukanyaga darasa, ila aliitikia Misa ya Kilatini ujana wake wote. Akanitamkia cum spiritu, ablativu wa kundi la nne la nomino, tambarare bila kosa, kisha akaniuliza seminari wanatufundisha nini hasa.