Jina Lisilobadilika

Hapo kale kadi za mtandao katika Linux ziliitwa eth0 na eth1 kwa kadiri zilivyowahi kuonekana kompyuta ilipowashwa, hata mbili zikaweza kuamka zimebadilishana majina. Ndipo mwaka 2013 maulamaa wa systemd, programu inayoiamsha Linux, walipofanya hisani, wakaita kila kadi kwa mahali ilipochomekwa, kama enp3s0, yaani njia ya 3, tundu la 0, wakadai kwamba jina hilo latabirika. Naam, ila fundi akiongeza kadi nyingine, ile ya zamani, bila kusogea hata shubiri, huenda ikazinduka ikiitwa enp4s0. Wazee wa kata ya Zagayu, Tanzania, hawastaajabu: walikuwa wilaya ya Bariadi mkoani Shinyanga, na mipaka ilipochorwa upya mwaka 2012 wakajikuta Itilima mkoani Simiyu, ng'ombe wakiwa zizi lilelile, na serikali, tuipe haki yake, haikudai kutabirika.