Breki za Fahari

Wako waungwana ambao, wakishajaaliwa gari, hawaridhiki nalo mpaka walivue breki zake za asili na kulivika kalipa kubwa zilizopakwa rangi nyekundu, ili majirani wazione baina ya matundu ya rimu na kustaajabu. Kisha, pedeli ikididimia chini ya mguu kama godoro la sufi, humlaumu kwanza muuza spea, kisha fundi, na hatimaye husuda ya majirani hao hao.

Lakini sababu yenyewe haihitaji mganga. Mafuta ya breki hayashindiliki, hewa hushindilika. Na hewa, kwa tabia iliyoumbiwa, hupanda juu. Basi kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, nipeli ya kutolea upepo hutazama chini, na fundi atafungua na kufunga, msaidizi wake akikanyaga na kuachia hata magharibi iingie, mafuta yakitoka safi bila ya povu, ilhali upepo umestarehe huko juu wala haubughudhiwi.

Na hata nipeli zikielekea mbinguni, pistoni zilizozidi upana hudai mafuta mengi zaidi, na masta silinda ile ile ya zamani haina budi kusukumwa masafa marefu. Bwana mwenye gari hakuona haja ya kuibadili, maana hiyo imesitirika chini ya boneti, na haina rangi.

Hata hivyo asihuzunike: atakayegongwa naye atapata wasaa wa kuzitazama kalipa hizo kwa karibu.