Namna ya Kuwa Alhaji wa Kutajika Lugoba

Ndugu yangu, Hija ni nguzo ya tano, na humlazimu mwenye uwezo mara moja tu maishani. Mara moja! Sasa uende kimyakimya, nani ajue?

Kwanza, aga. Aga Msata, aga Msoga, aga hadi Chalinze kwa watu usiosalimiana nao. Msafiri wa Hija anatakiwa alipe madeni kabla hajaondoka, na hapo ndipo wengi hukwama. Wewe omba radhi. Tuma ujumbe mmoja kwenye magrupu yote ya WhatsApp: "Niliowakosea, nisameheni." Anayekudai tripu tatu za kokoto ataona haya kukukumbusha, na dua atakuombea.

Pili, picha. Tawafu ni mizunguko saba. Mmoja utenge kwa ajili ya simu. Kikwazo ni ihramu: shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, tajiri na maskini sare. Mtu wa hadhi yako atajulikanaje? Ufumbuzi ni ule mnara wa saa, mita 601, wenye hoteli zinazoutazama Msikiti wa Makka. Si lazima ulale humo. Ingia mapokezi, kaa kwenye kochi, pigwa picha, kisha rudi zako kwenye chumba chenu cha watu wanne.

Jamarati sina la kukufundisha. Mtoto wa Lugoba, aliyekulia jirani na machimbo, aelekezwe kurusha vijiwe saba? Ila viwe vya ukubwa wa haragwe. Pale si machimboni.

Tatu, zamzam. Ndege nyingi huruhusu lita tano, na ukoo wako peke yake unajaza ua. Mimina kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji ya Wami, soma bismillahi, koroga, gawa. Tende zikipungua, Kariakoo zipo. Bandua karatasi ya bei, basi.

Halafu mapokezi. Usithubutu kutoka uwanja wa ndege ukapanda basi la Tanga kama muuza mananasi anayerudi sokoni. Kodi Noah tatu, dufu litangulie, na kuanzia Chalinze taa ziwake mchana kweupe. Pilau ikukute imeshapakuliwa.

Kuanzia siku hiyo, mtu akikuita kwa jina la utotoni, usiitike. Akirudia, kohoa. Akisema "Alhaji", shusha tasbihi, geuka taratibu, umuulize: "Umeniita mimi?"